Uzi: Kizuizi kati ya damu na ubongo, mtoto huzaliwa nacho au hujengeka baadaye?

#1 BibiWaMuheza

Wanajukwaa, habari za jioni. Binti yangu amejifungua wiki hii, na siku ya tatu macho ya mtoto yakageuka rangi ya bizari. Sasa amelazwa chini ya taa za buluu, amevalishwa nepi tu na kufungwa kitambaa machoni. Muuguzi alitueleza kwamba haraka yote hiyo ni kwa sababu ukuta wa ubongo wa mtoto mchanga bado ni mlaini, hivyo manjano yakizidi yanaweza kupenya na kumwachia ulemavu wa kudumu. Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 26 na sijawahi kufundisha ukuta wa aina hiyo. Naomba kueleweshwa: upo kweli? Mtoto huzaliwa nao au hujengeka akiwa ameshatoka? Na ukishajengwa, nani anaulinda usibomoke?

#2 FundiDarubini

Shikamoo bibi, na hongera kwa mjukuu. Ukuta upo, ila neno lenyewe linapotosha, kwa sababu hauzunguki ubongo kama ua unavyozunguka nyumba. Umo ndani ya kila mshipa mwembamba wa damu upitao ubongoni.

Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich aligundua kizuizi hicho alipowadunga wanyama rangi kwenye damu. Alipowapasua, viungo vingine vilikuwa vimeshika rangi, lakini ubongo umebaki mweupe kama nyama ya dafu. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann akaligeuza jaribio, akaipitisha rangi ya buluu kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ukawa buluu na mwili uliobaki haukuguswa. Ilibidi kusubiri hadi 1967 ndipo Reese na Karnovsky, kwa darubini ya elektroni, walipoona kinachozuia. Ni seli za endothelia, yaani zile zinazotandika upande wa ndani wa kapilari. Kwenye misuli seli hizo huacha mianya kati yake, lakini ubongoni zimeshonana ukingo kwa ukingo, na juu ya hapo hazina ile tabia ya kumeza matone ya damu upande mmoja na kuyatema upande wa pili.

Kapilari za ubongo wa mtu mmoja zikiungwa pamoja hukadiriwa kufika kilomita 600, karibu sawa na barabara ya Dar es Salaam hadi Arusha, na mshono huo umo njia nzima.

#3 Mkutubi

Fundi, maelezo ni mazuri ila sehemu moja irekebishwe. Ehrlich hakugundua kizuizi. Aliona ubongo mweupe, naam, lakini akahitimisha kwamba tishu ya ubongo haivutiwi na rangi ile, kama kitambaa cha nailoni kinavyokataa rangi ya pamba. Jaribio la Goldmann ndilo lililoonyesha kwamba ubongo unashika rangi vizuri kabisa, mradi uifikie.

Jina la kizuizi nalo limeenezwa na mwanamke, Lina Stern, aliyeliandika kwa Kifaransa mwaka 1921 akiwa Geneva. Baadaye alihamia Moscow, mwaka 1939 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mjumbe kamili wa Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, na mwaka 1949 akatiwa gerezani katika msako wa Stalin dhidi ya Wayahudi. Namtaja kwa sababu swali la bibi ni lake pia. Katika miaka ya 1920 yeye na wenzake waliandika kwamba kwa wanyama wachanga vitu hupenya ubongoni kwa urahisi kuliko kwa wakubwa. Kauli ya yule muuguzi ina umri wa karibu miaka 100.

#4 MamaWawili

Kumbe ndiyo sababu maneno yangu yanaishia masikioni mwa mume wangu. Seli zimeshonana.

#5 MfamasiaWaZamu

Muuguzi yuko sahihi. Sisi kazini tunafundishwa hivyohivyo, kwamba mtoto mchanga, hasa njiti, kizuizi chake hakijakomaa, na ndiyo sababu dawa nyingi za usingizi na maumivu hupunguzwa sana kwake. Manjano hutokana na bilirubini, ambayo ni mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizokufa. Ini la mtoto bado linasuasua kuisafisha, kizuizi bado ni kilaini, mawili hayo yakikutana ndipo bilirubini hutua kwenye viini vya ndani vya ubongo. Anayepona anaweza kubaki na uziwi au viungo visivyotii.

#6 Chemchemi

Mfamasia, kuwapunguzia dawa ni sawa, lakini sababu si lazima iwe kizuizi. Ini na figo za mchanga huchelewa kuiondoa dawa, kwa hiyo hata kizuizi kingekuwa cha chuma, kiasi cha dawa kwenye damu kingebaki juu kwa muda mrefu.

Tuangalie ukweli wa panya, kwa kuwa ndio waliochunguzwa zaidi. Mimba ya panya ni siku 19 au 20. Mishipa huanza kuingia kwenye ubongo wa kijusi yapata siku ya 10 au ya 11, na ilipofika siku ya 15 na nusu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, rangi iliyodungwa ilikuwa haivuji tena kwenye gamba la ubongo. Ni siku kadhaa kabla ya kuzaliwa. Katika utafiti huohuo ilionekana kwamba protini moja ya seli za endothelia, iitwayo Mfsd2a, ikiondolewa, mishono hubaki mizima lakini seli hurudia kumeza na kutema, na kizuizi kinavuja. Kwa hiyo ufundi ni wa namna mbili, kushona kingo na kufunga mdomo.

Wapo wataalamu, akiwamo Norman Saunders, ambao kwa miongo kadhaa wamepinga kabisa neno "hakijakomaa". Hoja yao ni hii: majaribio ya zamani yaliwadunga wanyama wachanga rangi nyingi kupita kiasi. Rangi ya buluu husafiri kwenye damu ikiwa imeng'ang'ania albumini, ambayo ni protini kubwa isiyopita. Ukizidisha rangi, albumini hujaa, na ile inayobaki huru huzurura na kupenya. Mtafiti huona buluu ubongoni na kulaumu ukuta, kumbe amewapakiza abiria kuliko viti.

#7 BibiWaMuheza

Asante, Chemchemi. Lakini ikiwa ukuta umefungwa kabla ya kuzaliwa, bilirubini inapita wapi? Mtoto wangu hajadungwa rangi na mtu yeyote.

#8 Chemchemi

Amejidunga mwenyewe, bibi. Bilirubini ambayo haijapita kwenye ini haiyeyuki vizuri majini, na kwenye damu nayo hubebwa na albumini. Viti vikijaa, ile inayobaki huru hupenya utando wa seli bila kuhitaji mwanya wowote, kwa kuwa hupatana na mafuta kuliko maji. Ni kisa kilekile cha rangi ya buluu.

Ushahidi wa kusikitisha upo wa mwaka 1956 kutoka New York. Watoto njiti walipewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya salfa ili kuwakinga na maambukizi. Waliopewa salfa walikufa zaidi, na vichwa vyao vilikutwa na manjano, ingawa bilirubini kwenye damu yao haikuwa juu kuliko ya wenzao. Salfa ilikuwa inaisukuma bilirubini itoke kwenye viti vya albumini. Ni kwa sababu hiyohiyo daktari makini hampi antibiotiki ya seftriaksoni mtoto mchanga mwenye manjano.

#9 MfamasiaWaZamu

Hilo la salfa nalikubali, na la seftriaksoni tunalizingatia. Hata hivyo viti vya albumini havielezi kila kitu. Watoto wawili wanaweza kuwa na bilirubini sawa na albumini sawa, mmoja akaondoka mzima na mwingine akaharibika, hasa yule aliyezaliwa amechoka bila kulia au mwenye maambukizi kwenye damu. Kukosa hewa na damu kuwa na asidi humtesa mtoto, na mimi naona hapo ndipo mishono yenyewe hulegea. Mtanisamehe, lakini mtoto si panya wa maabara anayeugua jambo moja kwa wakati mmoja.

#10 Daktari wa Mifugo Nakuru

Ndugu zangu, mnabishania matofali na mmemsahau bawabu. Kizuizi si mshono peke yake, kina pampu pia. Seli za endothelia za ubongo zina protini iitwayo P-glaikoprotini, ambayo hukishika kitu kilichokwisha kuingia kwenye seli na kukirudisha kwenye damu.

Pampu hii ilijitambulisha kwa mkasa. Watafiti wa Amsterdam walikuwa wamefuga panya waliokosa jeni yake, na walionekana wazima kabisa. Utitiri ulipowavamia, wakanyunyiziwa ivermektini kama kawaida, na panya wasio na pampu wakafa. Walipopima wakakuta kwamba ivermektini huwadhuru panya hao kwa kipimo kidogo mara 100 hivi kuliko wenzao. Hayo yalichapishwa mwaka 1994. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba mbwa wengi wa aina ya Collie wana hitilafu kwenye jeni hiyohiyo.

Mimi mwenyewe niliitwa kwenye boma moja ambako kijana wa kazi alimdunga mbwa ivermektini ya ng'ombe, kwa kipimo cha kukisia, ili kumwondolea upele. Mbwa alikuwa chotara, lakini pua ndefu na manyoya ya shingoni yalisema babu yake alikuwa nani. Alikuwa amelala ubavu, mate yanamchuruzika, mboni zimetanuka, ukimpungia mkono mbele ya macho hapepesi. Hakuna dawa ya kuliondoa jambo hilo haraka. Tulimwekea dripu, tukamgeuza kila saa chache, na siku ya tano akainua kichwa aliposikia sufuria.

Kwa vijusi na wachanga, pampu hii ipo kwa uchache na huongezeka kwa umri. Bilirubini inadhaniwa kuwa mojawapo ya vitu inavyovirudisha. Kwa hiyo bibi, huenda ukuta wa mjukuu umeshonwa vizuri, ila mabawabu ni wachache.

#11 KijanaWaTemeke

Daktari, ndiyo sababu Piriton inanilaza kama gunia na setirizini hainilazi?

#12 Daktari wa Mifugo Nakuru

Kwa sehemu kubwa ndiyo. Ile ya kwanza hupenya kirahisi, na ya pili hurudishwa na pampu, ingawa si yote, na wapo watu wanaosinzia hata kwa setirizini. Usiendeshe bodaboda kwa kunitegemea mimi.

#13 Mkutubi

Swali la tatu la bibi halijaguswa. Nani hukijenga kizuizi na nani hukitunza? Vitabu nilivyosoma chuoni vilisema ni astrosaiti, zile seli zenye umbo la nyota ambazo miguu yake huikumbatia kapilari karibu pande zote.

#14 FundiDarubini

Namshukuru Mkutubi kwa kunirekebisha kule juu, sasa na mimi nirudishe fadhila. Astrosaiti zilipewa sifa hiyo mwaka 1987, pale Janzer na Raff walipozipandikiza mahali pasipo na kizuizi na mishipa ya mahali hapo ikaanza kuizuia rangi. Kabla yao, mwaka 1981, Stewart na Wiley walikuwa wameonyesha jambo pana zaidi: kipande cha ubongo wa kijusi cha kware kilipandikizwa tumboni mwa kijusi cha kuku, mishipa ya tumbo la kuku ikakua ndani yake, nayo ikapata tabia za mishipa ya ubongo. Kwa maneno mengine mshipa haujui kuwa ni wa ubongo mpaka uambiwe na mtaa ulikohamia.

Lakini hesabu ya tarehe inazikataa astrosaiti. Kwa panya huanza kuonekana karibu na kuzaliwa, na Chemchemi ameshatuonyesha kwamba kizuizi hufungwa kabla ya hapo. Fundi hawezi kufika kazini baada ya nyumba kuezekwa. Mwaka 2010 makundi mawili, moja la Daneman na lingine la Armulik, yalichapisha pamoja kwamba kazi hiyo inategemea perisaiti, seli zinazoipanda kapilari kwa nje kama mtambaazi kwenye mti. Panya wenye perisaiti chache walivuja, na walivuja zaidi kwa njia ya kumeza na kutema.

#15 Chemchemi

Na kabla ya perisaiti ipo amri. Seli za ubongo unaokua hutoa protini za ishara ziitwazo Wnt7a na Wnt7b, ambazo huziambia seli za endothelia mambo mawili kwa pamoja, "ingieni humu" na "zibeni". Tafiti za kati ya 2008 na 2009 zilionyesha kwamba ishara ikikatwa, mishipa huingia ovyo, huvuja, na hukosa hata GLUT1, mlango wa kuingizia sukari. Watoto wachache huzaliwa na kasoro ya mlango huo. Damu yao ina sukari ya kutosha na ubongo wao una njaa, wanapata degedege, na husaidiwa na chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo, kwa kuwa mabaki ya mafuta huingia kwa mlango mwingine.

Ishara hiyo haizimwi baada ya ujenzi. Kwa panya wakubwa, ikizimwa, mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, na ya ubongo wa nyuma huanza kuvuja upya, na ikiwashwa tena hujiziba. Mimi ndiyo naiita matunzo.

#16 FundiDarubini

Hapo umesema retina na ubongo wa nyuma, si ubongo mzima, kwa hiyo usiitawaze peke yake. Naamini astrosaiti, hata kama hazikujenga, zina sehemu yake katika kutunza. Aliyekuta nyumba imeezekwa anaweza kuwa ndiye anayeziba paa kila masika.

#17 MamaWawili

Ile Mfsd2a nimeisoma mahali kwamba hupitisha mafuta ya omega-3. Basi nikila dagaa kizuizi kitaimarika?

#18 Chemchemi

Ni kweli hupitisha DHA, mojawapo ya mafuta hayo, na inaonekana mafuta hayo kwenye utando wa seli ndiyo yanayozuia kumeza na kutema. Kutoka hapo hadi sahani ya dagaa kuna hatua nyingi ambazo hazijathibitishwa. Kula dagaa kwa sababu ni watamu.

#19 Baba Kasongo

Nawasalimu kutoka Maniema, Kongo. Mmeongea juu ya vitu vinavyokataliwa kuingia, mimi niseme juu ya kinachoingia. Nilikuwa msaidizi katika timu ya kutafuta malale vijijini. Kidudu cha malale, kinachosambazwa na mbung'o, huanza kwenye damu na tezi, na baada ya muda huvuka. Tulikuwa tunavuta maji ya mgongo kwa kila aliyekutwa nacho, na chembe nyeupe zikizidi 5 kwa kila mikrolita, au kidudu chenyewe kikionekana, mtu huyo alihesabiwa hatua ya pili.

Hapo ndipo kizuizi kilipokuwa adui yetu. Pentamidini haikufaa tena, kwa kuwa dawa hubaki upande huu na kidudu kiko upande ule. Dawa iliyovuka ilikuwa melasoprolo, yenye aseniki ndani yake. Kimiminika chake kiliharibu sirinji za plastiki, tulitumia za kioo, na mgonjwa alikunja uso kabla sindano haijatoka kwa jinsi mshipa ulivyowaka. Takribani 5 katika kila 100 waliotibiwa waliuawa na dawa hiyo. Siku hizi, tangu idhini ya 2018, upo feksinidazoli, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa baada ya chakula, na vinavuka.

#20 KijanaWaTemeke

Pole kwa kazi hiyo, Baba. Kwa hiyo malaria inapopanda kichwani nayo inavuka hivyohivyo?

#21 MfamasiaWaZamu

Hapana, na hili watu wengi hulikosea. Kidudu cha malaria hubaki ndani ya chembe nyekundu, ndani ya mshipa. Chembe hizo hunata kwenye ukuta wa kapilari na kuziba njia, na ukuta wenyewe ndio unaoumia. Huko Blantyre, Malawi, watoto waliopigwa picha za sumaku za ubongo walionekana wazi, katika matokeo ya 2015, kwamba wengi wa waliofariki ubongo wao ulikuwa umevimba sana.

Kuhusu malale ningependa kumuuliza Baba Kasongo: kidudu kinapita katikati ya mishono au kinapita kwingine?

#22 Baba Kasongo

Madaktari wetu walikuwa wawili na majibu mawili. Mmoja alisema kinapenya kwenye kapilari zenyewe. Mwingine alisema kinapita kwenye vile vishada vya ndani ya ubongo vinavyotengeneza maji ya mgongo, kwa kuwa mishipa ya pale ina vitundu, na kwamba huendelea kujificha kwenye tando. Walibishana njia nzima kwenye gari, na barabara zetu mnazijua urefu wake.

#23 Daktari wa Mifugo Nakuru

Wa pili ana hoja, maana zipo sehemu za ubongo ambazo zimeachwa wazi kwa makusudi. Moja iko chini kabisa, kwenye shina la ubongo, na kazi yake ni kuionja damu na kuamuru kutapika ikikuta sumu. Bila dirisha hilo tungekuwa tunatapika kwa kuchelewa.

#24 BibiWaMuheza

Nimerudi kutoka hospitali. Kipimo cha asubuhi kimeshuka na mtoto ananyonya kwa nguvu. Nilimweleza muuguzi habari za albumini na pampu, akanisikiliza huku akigeuza mtoto mwingine, kisha akasema, "Mama, iwe ukuta, viti au bawabu, mimi hapa nina watoto wanne na taa tatu." Jirani yangu ananishauri tumtoe, tumwanike jua la asubuhi kama tulivyofanya zamani.

#25 Mkutubi

Usimtoe, bibi. Jua si upuuzi, na taa zenyewe zilizaliwa na jua. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto njiti nje kwenye bustani. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekwisha kupauka mwili mzima isipokuwa pembetatu moja ya manjano, mahali alipofunikwa na pindo la shuka. Mwanga, hasa wa buluu, huigeuza bilirubini iliyo ngozini kuwa umbo linaloyeyuka majini, likatoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Ila jua la asubuhi halina kipimo wala halipo usiku, na mtoto wako amelazwa kwa sababu kiwango kilikuwa cha kutisha.

#26 BibiWaMuheza

Basi atabaki. La mwisho: kile kitambaa cha machoni analia nacho sana. Ni kwa ajili ya kizuizi cha retina alichokitaja Chemchemi?

#27 Chemchemi

La, bibi. Retina ina kizuizi cha namna ileile, lakini mwanga hauhitaji mshipa ili uingie. Kitambaa ni kwa ajili ya ukali wa taa tu. Wakati wa kunyonyesha anaruhusiwa kutolewa chini ya taa na kufunguliwa, akuone.